Jumamosi kwa Baba Mkwe

Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, saa sita na dakika tano mchana, na hapakuwa na dalili ya mtu.

Maude Thibodeau alisimama mbele yake na gauni lake la njano, lile alilolipiga pasi mara mbili hotelini, mkononi ameshika kopo la sharubati ya mti wa maple lililosafiri naye kutoka Trois-Rivières, Québec, likiwa limeviringishwa ndani ya soksi. Nyuma ya lango aliiona nyumba ya mawe, madirisha yake yote yamefungwa mbao za buluu, na kando yake banda refu la kukaushia kokwa za jozi. Mbwa hakubweka. Hata kuku hakupita.

"Piga hodi tena," alisema mama yake, Ginette, kutoka kiti cha nyuma cha gari. "Labda mzee yuko msalani."

"Mama!"

"Sasa kwani wazee hawaendi msalani?"

Aurélien hakucheka. Alikuwa ameegemea mlango wa gari, amekunja mikono, anayatazama yale madirisha ya nyumba aliyozaliwa. Maude alikuwa amekaa na mwanaume huyu miaka mitano na alimjua vizuri. Kwa mambo madogo, funguo kupotea au maziwa kumwagika, alipiga kelele mtaa mzima wa Montréal ukasikia. Kwa mambo makubwa alinyamaza, na sasa alikuwa amenyamaza.

"Aurélien, mpenzi..."

"Ingia garini, Maude."

"Tungoje kidogo. Pengine ametoka mara moja."

"Amefunga mpaka madirisha," alisema taratibu. "Amekualika wewe, akafunga lango kwa mnyororo, akafunga na madirisha. Baba yangu hasemi maneno mengi, lakini akitaka usikie, utasikia."

Maude aliingia garini bila kubisha. Maana jambo hili alilianzisha yeye. Walikuja Périgord, mkoa wa kwao Aurélien, kutafuta mahali pa kufungia ndoa, na Aurélien alikuwa amechagua makasri matano ya kutembelea, yote ya kupendeza, na yote yakikaa mbali na kijiji chao kama vile kijiji kina ukoma. Miaka tisa hajamwona baba yake. Mzee Roland alitaka mwanawe arithi shamba la jozi, mwana akasema hataki, wakarushiana maneno, na kijana akapanda ndege. Maude hakuwahi kuingilia. Lakini kila alipoifikiria siku ya harusi, aliona upande wake umejaa mashangazi na wajomba, na upande wa Aurélien kiti kitupu, na hakuweza kulala akakiacha kitupu vile.

Basi Jumanne alijificha bafuni hotelini akapiga simu.

"Bwana Delbos? Naitwa Maude. Mimi ni... mimi ndiye mchumba wa Aurélien."

Kwa mbali saa ya ukutani ilisikika.

"Wewe ndiye Mkanada," sauti nzito ikasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Anakula vizuri?"

"Anakula, Bwana. Sana tu."

Saa iligonga, ikagonga tena. Kisha mzee akasema, "Jumamosi. Njooni kwa dîner." Akakata simu.

Dîner! Mzee amewaita mezani! Maude alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea akicheka na kulia pamoja. Alipomwambia Aurélien kwamba baba yake amewaalika dîner Jumamosi, Aurélien alibaki na kipande cha mkate mkononi, hakili wala hakiweki chini. "Saa sita mchana, basi," alisema mwishowe. Na asubuhi hii alinyoa ndevu mara mbili.

Sasa ndevu zilikuwa zimenyolewa bure.

"Usingempigia," alisema Aurélien walipoanza kuondoka. Mikono yake ilikuwa imeukaba usukani.

"Nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Ulitaka harusi yenye picha ya familia nzima. Mimi nilikwisha kuzoea, Maude. Nilikuwa nimepona. Umenichukua ukanisimamisha tena pale nje."

"Sitaki picha! Nataka siku ile usiwe unageuka kila dakika kutazama mlangoni!"

"Na mimi nataka kula," alisema Ginette kutoka nyuma. "Mtagombana vizuri zaidi mkiwa mmeshiba."

Walikula mkate na jibini kando ya barabara, kila mmoja akitazama upande wake.

Kasri la Montcalou, la tano na la mwisho katika orodha, lilikuwa la kumtoa mtu machozi kwa uzuri. Lilikuwa na minara miwili, bustani ya waridi inayoteremka hadi mtoni, na kikanisa kidogo chenye vioo vya rangi. Ginette aliingia ukumbini akakaa kimya kwa muda, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe.

"Hapa," alinong'ona. "Maude, mwanangu, ni hapa hapa. Dada zangu watakufa kwa wivu, na mimi nitawazika kwa furaha."

Msimamizi wa kasri, Bibi Sabourdy, mwanamke mwembamba aliyetembea kwa visigino virefu juu ya kokoto bila kuyumba, aliwaonyesha kisanduku kidogo ukutani chenye taa tatu. Muziki ukipita kiasi, alieleza, taa inakuwa ya njano. Ukizidi, inakuwa nyekundu na umeme wa ukumbi mzima unakatika. Ndivyo majirani walivyotaka.

"Unakatika? Watu wakiwa katikati ya kucheza?" Ginette aliangua kicheko chake, kile cha kupasua vyungu, na taa ikawaka njano.

"Mama, utatuzimia harusi kabla haijaanza," alisema Maude. Alimtupia Aurélien jicho, maana kwa kawaida wangecheka pamoja mpaka washikane mbavu. Aurélien alikuwa ameketi kwenye meza ndefu, mkataba mbele yake.

"Jumamosi yetu, ya pili ya Oktoba, iko wazi," alisema bila kuinua uso. "Tunasaini leo, yaishe."

Yaishe. Maude aliliona neno lile limekaa kati yao juu ya meza. Hivi ndivyo watu wanavyochagua mahali pa kuoana? Alimtazama kichwa chake kilichoinama, kile kishungi cha nywele kisichokubali kitana pale kisogoni, akampenda mpaka ikamuuma, na akaogopa. Aliogopa kwamba ataolewa na mtu aliyekimbilia kwenye kasri, na kwamba miaka ishirini ijayo atakuwa bado anamkuta ameketi hivi, kimya, kila Jumamosi ya pili ya Oktoba.

Bibi Sabourdy aliendelea na ratiba yake. "Sherehe saa kumi. Saa kumi na moja divai na vitafunio bustanini. Halafu saa mbili wageni wanaketi kwa dîner..."

"Saa mbili!" Ginette alishika kifua. "Dîner saa mbili ya jioni? Watu wangu watakuwa wameshakufa njaa wamezikwa!"

Bibi Sabourdy alikunja uso kwa adabu. "Samahani, mama. Kwani nyinyi huko Québec dîner mnakula saa ngapi?"

"Mchana, saa sita, kama watu wengine wote! Jioni si ni souper?"

"Hapa kwetu, mama, cha mchana ni déjeuner. Dîner ni cha jioni."

Maude aligeuka upesi kumtazama Aurélien. Alijua. Alikuwa akijua tangu mwaka wa kwanza, walipokutana, siku Aurélien alipomwalika dîner naye akatokea mchana na njaa yake, akamkuta kijana wa watu na taulo kiunoni. Walicheka juu ya jambo hilo mwezi mzima. Kisha Aurélien akaanza kusema kama wao, na mzaha ukafa, na neno likasahaulika.

Kalamu ya Aurélien ilikuwa imegusa karatasi.

"Weka kalamu chini," alisema Maude.

"Nini tena?"

"Weka chini, Aurélien. Njoo nje."

Alimshika mkono akamvuta hadi kwenye ngazi za bustani.

"Baba yako hakusema saa sita. Hakusema saa yoyote. Alisema dîner." Alijipiga kidole kifuani. "Nimetoka Trois-Rivières na masikio yangu ya Trois-Rivières, nikakupeleka mchana mbele ya lango lililofungwa. Kosa ni langu. Nigombeze, nimestahili."

Aurélien alimtazama. Kisha akaketi kwenye ngazi.

"Uliniambia dîner," alisema. "Uliniletea neno lake lilivyotoka kinywani mwake. Aliyesema saa sita ni mimi. Mimi, niliyezaliwa kule." Alijifunika uso. "Miaka tisa, Maude. Baba yangu anasema neno moja na mimi silielewi tena."

"Ndiyo maana inabidi turudi..."

"Na madirisha! Kila kiangazi, mimi ndiye niliyekuwa nazunguka nyumba nzima kufunga zile mbao ili jua lisiingie. Ilikuwa kazi yangu. Leo nimeyatazama madirisha yale yale nikaona tusi."

Maude alikumbuka sasa kwamba nyumba zote walizozipita njiani zilikuwa zimefungwa vile vile. Aliketi karibu naye, akamwegemezea kichwa begani. Harufu ya waridi ilikuwa kali, nyuki wakienda na kurudi. Ndipo Aurélien akamwambia jambo ambalo hajawahi kumwambia.

"Mama alizikwa Oktoba. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulirudi kutoka makaburini saa nane, baba akavua koti, akachukua ndoo, akaenda chini ya miti. Jozi zilikuwa zinaanguka. Mimi nilibaki jikoni na sahani za wageni. Nikamchungulia dirishani mpaka giza likaingia, anaokota jozi." Aliokota kokoto, akaitupa chini. "Siku ya kuondoka nilimwambia anapenda miti kuliko watu. Hakubisha."

Maude alimshika uso kwa mikono miwili. "Sikiliza. Tukienda jioni akatufukuza, nitarudi hapa nisaini kwa mkono wangu, na sitataja jina lake tena. Nakuapia. Nitakupenda wewe na viti vyako vyote vitupu. Lakini usinioe ukiwa na hasira ya saa sita mchana."

"Naogopa," alisema Aurélien.

"Unaogopa hatafungua?"

"Naogopa atafungua."

Maude alimvuta karibu. Alimbusu kwenye kope, moja baada ya nyingine, mpaka akahisi pumzi yake imetulia.

Ilipotimu saa mbili, jua la Juni lilikuwa bado liko juu ya vilima. Lango lilikuwa wazi pande zote mbili, na madirisha pia, mbao zake zimesukumwa ukutani. Mzee Roland Delbos alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo, nywele zimelowa na kuchanwa. Alikuwa na mabega ya Aurélien na kisogo kile kile kisichokubali kitana.

Baba na mwana walisimama hatua nne mbali.

"Umekonda," alisema mzee.

"Sijakonda."

"Mkanada aliniambia unakula."

"Anakula, Bwana, ni mwili wake tu unaosema uongo," Maude aliropoka. Alimkabidhi lile kopo la sharubati. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akasoma maandishi yote mbele na nyuma, kana kwamba ni barua.

"Na mimi ni Ginette, mama mkwe," alisema Ginette, akimpiga busu shavu hili na hili kabla mzee hajajiandaa. "Na tulikuja saa sita mchana! Tukakuta mnyororo! Huyu wako akafikiri umemfungia!"

"Mama, taratibu," alinong'ona Maude.

Roland alimgeukia mwanawe. "Saa sita? Saa sita nilikuwa sokoni natafuta bata." Kisha akaelewa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, macho yamefumba, na Maude alipomtazama Aurélien alikuta naye anacheka hivyo hivyo, kwa mabega. Wakasimama pale wote wawili wakitikisika.

Meza ilikuwa imetandikwa ndani ya banda, ambalo lilikuwa limefagiliwa hadi kwenye pembe. Sahani zilikuwa sita.

"Sikujua mngekuja wangapi," alieleza mzee, "na kuuliza niliona aibu."

Walikunywa supu ya vitunguu saumu. Ilipobaki kidogo chini ya bakuli, Roland alinyoosha mkono kuchukua divai nyekundu, akamimina kwenye supu yake, kama ilivyo desturi ya huko, akampa mwanawe chupa bila kumtazama. Aurélien naye akamimina. Wakainua mabakuli kwa pamoja, wakanywa kwa pamoja, wakafuta midomo kwa nyuma ya mkono. Ginette alitoa macho. Maude alimkanyaga mguu chini ya meza, maana aliona kope za Aurélien zimelowa.

Mapaja ya bata yalipoletwa, Aurélien alisema yaliyokuwa kooni. "Nilikuandikia Januari, baba. Kwamba ninaoa. Hukujibu."

"Mimi na kalamu hatuelewani."

"Mstari mmoja tu ungetosha."

Mzee alikata mkate, akauweka, akaukata tena. "Nilienda ofisi ya meya," alisema. "Karani alinieleza kwamba mtu anaweza kufunga ndoa kijijini kwetu hata kama yeye mwenyewe anaishi ng'ambo, mradi mzazi wake anakaa hapa na athibitishe. Nikarudi nyumbani nikachukua bili ya umeme, nikampelekea. Tangu Februari iko kwenye faili. Nikamwomba anishikie Jumamosi zote za Septemba, sababu sikujua mngependa ipi. Ananiona mzigo. Anasema, 'Roland, kuna watu wengine nao wanataka kuoa.'"

Maude alitazama banda lile, mihimili yake ya mwaloni, sakafu iliyosuguliwa na mtu aliyeishi peke yake, na akajua kasri la Montcalou limekwisha moyoni mwake. Ginette alikuwa anajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Hata yeye, aliyetaka kuwazika dada zake, alionekana amewasamehe.

"Septemba ni nzuri," alisema Ginette akivuta kamasi, "ila dada zangu wote walishaomba likizo ya Jumamosi ya pili ya Oktoba, na tiketi..." Akakatiza, maana Aurélien alikuwa ameinua mkono kumzuia.

Roland aliweka kisu chini. Nje ya mlango wa banda, miti ya jozi ilisimama mistari kwa mistari hadi mtoni.

"Tutabadilisha," alisema Aurélien upesi. Ilikuwa sauti ambayo Maude hajawahi kuisikia, sauti ya kijana wa miaka kumi na saba. "Si tatizo kabisa, baba. Septemba. Watabadilisha likizo zao."

"Nani kakwambia ubadilishe?"

"Itakuwa katikati ya mavuno. Jozi zitakuwa zinaanguka."

"Najua." Mzee aliitazama mikono yake juu ya meza, mikono mikubwa yenye weusi wa maganda usiotoka kwenye mistari ya vidole. "Siku ile tuliporudi makaburini, sikujua niifanyie nini mikono hii. Nikaipa kazi. Na wewe ulikuwa jikoni, nilikuona dirishani, na sikurudi ndani. Nilikosea. Nimekosea kila mwaka tangu siku ile."

Aurélien aliisukuma sahani kando. Maude aliutafuta mkono wake chini ya meza, akaukuta unautafuta wa kwake.

"Semeni Oktoba kwa karani," alisema Roland Delbos. "Jozi ziacheni zianguke."

Aurélien aliachia mkono wa Maude, akainuka, akaizunguka meza hadi kwa baba yake.